Mikeka Iliyofumuliwa: Tathmini ya Maonyesho ya Kwanza ya Acaye Kerunen

Iwang Sawa, maonyesho ya kwanza ya peke yake ya msanii wa Uganda Acaye Kerunen, yalifanyika mwaka 2021 katika jumba la sanaa la Afriart mjini Kampala, na ingawa miaka imepita tangu hapo, bado yanastahili kutathminiwa, kwa sababu mengi aliyoyafanya msanii huyu baadaye yalikuwa yamekwisha kutiwa msingi pale. Jina la maonyesho ni la Kialur, nalo maana yake ni "katika jicho la wakati". Waalur wanaishi kaskazini magharibi mwa Uganda na ng'ambo ya mpaka, katika Mahagi huko Ituri, Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya barabarani. Afriart nayo si ukumbi mgeni: ilianzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, na wasanii wengi wa Afrika Mashariki wamepitia mikononi mwake kabla ya kujulikana nje.

Kerunen, aliyezaliwa mwaka 1981, hakuingia katika sanaa hii kwa njia ya brashi na turubai. Alitangulia kujulikana kama mshairi, mwandishi na mwigizaji, na kazi zake za mikono zimebaki na tabia ya jukwaani: umbo huning'inia au husimama likimkabili mtazamaji, mara nyingine likimzidi kimo, huku kingo zake zikiachwa na nyuzi zinazoning'inia ovyo badala ya kukatwa zikalingana. Vifaa vyake ni nyuzi za mgomba, rafia, ukindu, mabua ya mtama, mkonge na kitambaa cha gome la mti. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo haimfikii ikiwa malighafi, bali ikiwa tayari ni mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za Uganda. Yeye huvifumua, huvikata, huvipanga upya na kuvishona pamoja mpaka vinakuwa umbo ambalo halina tena kazi nyumbani, ingawa kila kipande kinasema wazi kilikotoka.

Msomaji aliyekulia Pemba, Lamu au Kilwa ana faida hapa ambayo mhakiki wa London hana. Anajua kwamba mkeka hauanzi ukiwa mkeka. Kwanza huchanwa ukindu, ukaanikwa, ukatiwa rangi sehemu inayotakiwa, kisha husukwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba ambao mwanamke huusuka huku akizungumza, akimbembeleza mtoto au akingoja chungu kichemke, na baada ya siku nyingi ndipo tepe hizo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Mikeka mingi ya Uganda hutengenezwa kwa utaratibu huohuo. Kwa hiyo Kerunen anapoufumua mkeka, anachokigusa ni ule mshono wa mwisho uliogeuza tepe kuwa kitu kimoja, na anapoushona upya kwa mkono wake, mshono wa pili unakaa juu ya wa kwanza bila kuufuta. Mtazamaji anayejua kusoma kazi ya mkono ataona mara moja mahali ambapo msukaji alikaza na mahali alipolegeza, na ataona pia mahali ambapo mkono mwingine, wenye haraka au utulivu wa namna nyingine, ulishika sindano. Hili ndilo linaloyapa maonyesho haya thamani machoni pangu. Kazi nyingi za sanaa mseto tunazoziona katika miji yetu hubandika kipande cha kanga au cha gunia juu ya turubai ili picha ionekane ya Kiafrika, na kipande hicho kikibanduliwa, picha haipungukiwi na kitu. Katika kazi za Kerunen, usukaji ukiondolewa hakibaki chochote ukutani.

Tukumbuke kwamba ukanda wetu umewahi kuwa na wasanii waliofanya sanaa kwa vitu ambavyo wengine walivitupa. Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusomea sanaa Makerere, alitengeneza picha zake kwa vipande vya karatasi za kufungia bidhaa za dukani, na akachelewa sana kupata heshima iliyomstahili; alifariki mwaka 2021, mwaka uleule wa maonyesho ya Kerunen. Sanaa Gateja wa Uganda, yeye kwa miaka mingi amekuwa akizungusha karatasi zilizokwisha kutumika kuwa shanga na kuzishonea juu ya kitambaa cha gome. Kerunen anatembea katika njia hiyo, lakini tofauti yake ni kwamba hachukui taka. Anachukua kitu kizima, kilichotengenezwa kwa ustadi, chenye matumizi na chenye bei sokoni, kisha anakivunja. Kitendo hicho kina ukali ambao sifa nyingi alizomiminiwa kwa kujali mazingira haziutaji.

Kitambaa cha gome kinahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa mtazamaji asiyekijua anaweza kukidhania ngozi. Hutolewa kwenye mti wa mutuba wakati wa mvua, hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka kinalainika na kupanuka, kisha huanikwa juani na kupata rangi ya udongo mwekundu; mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Kwa Baganda ni kitambaa cha kutawazia wafalme na cha kuzikia, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza utengenezaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichopunguza matumizi yake ya kila siku katika karne ya 19 ni nguo za pamba zilizoletwa na misafara ya wafanyabiashara Waarabu kutoka upande wa pwani, merikani na kaniki zikiwa miongoni mwake. Mswahili anayekitazama kitambaa hiki ukutani anatazama, kwa sehemu fulani, kitu ambacho biashara ya pwani yake ilikisukuma kando.

Nina shaka mbili. Ya kwanza ni ndogo: pale ambapo kikapu kinaachwa kikiwa kikapu kizima ndani ya kazi kubwa, nguvu yake hupungua, kwa kuwa jicho hukimbilia kukitambua na kuacha kuuliza. Kufumua kunamfaa msanii huyu kuliko kukusanya. Ya pili ni nzito zaidi, nayo haimhusu Kerunen peke yake. Maonyesho ya peke yake hubeba jina moja mlangoni, ilhali kazi hizi zimepita katika mikono mingi kabla ya kufika hapo. El Anatsui, msanii wa Ghana ambaye mapazia yake ya vifuniko vya chupa yaliyofungwa kwa waya wa shaba yamezunguka dunia, hufanya kazi na wasaidizi wengi, na watu wamezoea hivyo, kwa sababu wasaidizi wake hufuata wazo lake tangu mwanzo. Kwa Kerunen hali ni tofauti, kwani msukaji alikuwa na wazo lake, rangi zake na vipimo vyake kabla msanii hajatokea. Kununua mkeka kwa bei ya sokoni na kuurudisha ukiwa sanaa ni jambo halali, na kwa mazungumzo yake ya hadharani Kerunen huwataja wasukaji kama washirika. Lakini mtu anayenunua kazi ya aina hii, iwe yake au ya msanii mwingine yeyote, ana haki ya kuuliza ni nani aliyesuka na alilipwaje.

Jibu la sehemu lilikuja baadaye. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza kwa banda lake katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, ikiwakilishwa na Kerunen pamoja na Collin Sekajugo chini ya uratibu wa Shaheen Merali, na jopo la majaji likatoa pongezi maalumu kwa banda hilo. Miaka miwili baadaye, Kerunen mwenyewe alipokuwa mratibu wa banda la Uganda, kikundi cha wasukaji kiliorodheshwa kwa jina la kikundi chenyewe miongoni mwa washiriki, sambamba na Gateja na wengineo. Naliona tendo hilo kuwa zito kuliko pongezi za Venice, na kwangu mimi linabadilisha namna ya kuyasoma maonyesho ya Kampala: lile lililokuwa swali lisilojibiwa mwaka 2021 lilikuwa linamsumbua hata yeye, au basi alilisikia likiulizwa.

Kwa anayetaka kuziona kazi zake, nashauri asiridhike na picha za mtandaoni, kwa sababu kamera hulaza kila kitu na kuufanya mshono uonekane kama mstari wa kalamu. Azione ana kwa ana, na aziangalie kutoka ubavuni, mahali ambapo unene wa tabaka na mwelekeo wa nyuzi hujitokeza. Kwa anayefikiria kununua, azingatie kwamba rafia iliyotiwa rangi hupauka ikipigwa na jua la dirishani, na kwamba nyuzi za mimea huchukia unyevunyevu na huvutia wadudu, hivyo nyumba iliyo karibu na bahari itahitaji uangalifu zaidi kuliko nyumba ya Kampala.