Fondanti ya pakiti kwenye joto la Mombasa: uzoefu wangu

Nazungumzia fondanti, donge la sukari la kuvishia keki: ile nyeupe ya pakiti ya kilo moja, ile ya kutoka nje inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki hapa mjini. Jina la kampuni naliacha, maana mengi ya hapa yanazihusu zote za aina hiyo. Kwa kuvisha keki ya harusi naipa 8 kwa 10. Kwa maua, 4.

Sifa yake kubwa ni kuvutika bila kuchanika. Keki ya inchi 10 yenye kimo cha inchi 4 inataka duara la inchi 20: upana wa keki, kimo mara mbili, na inchi 2 za kushikia. Ukisukuma kwa unene wa milimita 4, gramu 1,100 hivi zimekwenda. Keki ya orofa 3, yaani inchi 6, 8 na 10, inakula karibu kilo 2.7, kwa hiyo nunua pakiti 3. Mabaki ya pembeni yakishashika chembe za keki hayafai tena kuvisha. Chini ya milimita 3 kila shimo la keki linaonekana; ukizidisha milimita 5, uzito wake wenyewe unaivuta chini na ukingo wa juu unapasuka.

Shida ni unyevu wa hewa. Sukari, glukosi na gliserini zilizomo zote hunywa maji. Masika ya Aprili na Mei, donge linanata mkononi kabla hujamaliza kukanda, na wengi hapo hukimbilia sukari ya unga. Hilo ndilo kosa: sukari hiyo nayo inakunywa unyevu, na baada ya dakika kumi umerudi palepale. Mimi kwa kilo moja natia nusu kijiko cha chai cha tailosi (unga wa kukazia donge), nakanda dakika 3, nafunga kwa plastiki, naacha nusu saa. Mezani natumia wanga wa mahindi kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, nagonga kidogo tu. Feni izimwe wakati wa kusukuma, la sivyo uso wa juu unakauka kabla ya chini. Ndiyo, jikoni panakuwa tanuri.

Wanga ukizidi, kwenye kona hutokea mikunjo midogo midogo kama ngozi ya ndovu (na zile sanamu za pembe za ndovu pale Moi Avenue zinatutosha). Chukua mafuta magumu ya kupikia kiasi cha punje ya kunde, sugua kwa kidole kwa kuzungusha wakati fondanti bado laini. Ikishakauka hapana dawa, bandika utepe. Kiputo cha hewa kitoboe kwa sindano nyembamba ukiilaza mshazari, kisha laini kwa kiganja.

Fondanti ikilaumiwa kwa kuota kitambi, mara nyingi kosa liko chini yake. Krimu ya siagi tupu kwenye joto la nyuzi 32 inalegea, na kinachofuata ni uvimbe katikati ya keki. Hapa Pwani natumia ganashi: chokoleti nyeusi gramu 600 kwa krimu gramu 300, na wakati wa kaskazi krimu naipunguza hadi gramu 240. Chokoleti nyeupe ni laini zaidi, inataka sehemu 3 kwa 1 au zaidi ya hapo. Keki iliyojazwa ikae usiku mzima ishuke yenyewe kabla ya kuvishwa.

Friji sasa. Keki iliyovishwa ikitoka kwenye baridi hutoa jasho kama chupa ya soda, kwa sababu mvuke wa hewani unapoa juu yake na kuwa maji. Usiguse wala usifute, utaacha alama za vidole. Kama ni lazima ilale kwenye friji, ifunge ndani ya boksi la karatasi ngumu, na boksi lisifunguliwe mpaka keki irudie joto la chumba. Rangi nyekundu au nyeusi juu ya nyeupe ndiyo inayochuruzika kwanza.

Tukigusia rangi: tumia ya jeli, kwa ncha ya kijiti, na uiache saa kadhaa kwa sababu huzidi kukolea. Nyeusi usijitie kuichanganya. Jeli nyingi inailegeza mpaka haishikiki. Nunua iliyotiwa rangi kiwandani. Waridi na zambarau hupauka dirishani.

Soma viungo pia. Baadhi ya fondanti zina jelatini, inayotokana na wanyama, na wateja wengi hapa watauliza kama ni halali. Niliyotumia haina, inashikana kwa gundi za mimea. Ile ya kutengeneza nyumbani kwa mashimelo (peremende laini kama sponji) ni rahisi mfukoni, lakini mashimelo yenyewe mara nyingi yana jelatini.

Maua nimeyapa 4 kwa sababu petali zinainama baada ya saa chache hata ukitia tailosi. Kwa maua tumia donge maalumu la maua ya sukari (gum paste).

Pakiti ikishafunguliwa, paka mafuta donge lote, funga kwa plastiki mara mbili, weka kwenye kopo lenye kifuniko, nje ya friji. Kopo lisimamishe kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, maana sisimizi wa mji huu hawajui kifuniko.