Uzoefu wangu: yoga ya Tabora iliyonipandisha presha badala ya kuishusha

Msiende. Huenda mbele ya safari nikajipinga mwenyewe, lakini kwa darasa la jioni nasema msiende, hasa kama umri umesogea au ni mjamzito.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora mjini. Kutwa nimeinama, na ukifika msimu wa sare za shule kiuno kinakaza mpaka nainuka kwa kushikilia meza. Daktari akanishauri mazoezi ya kunyoosha mwili, akasisitiza: kwa presha yangu, kichwa kisielekee chini. Mkamwana wangu, ambaye ujauzito wake ulishavuka nusu, ndiye aliyeona tangazo la yoga, "rika zote, mahitaji yote". Tukalipia mwezi mzima, sote wawili, hela mbele.

Ukumbi ni bati tupu, dari hamna. Kuna yoga inaitwa Bikram, chumba hupashwa moto makusudi mpaka nyuzi 40 hivi. Sisi huipata bure kila mwaka kabla mvua hazijaanza. Hilo si kosa la mtu, tuliache.

Kosa ni la mwalimu. Kijana rika la kitindamimba wangu, anaingia na "Mambo vipi, timu!" wakati humo ndani kuna watu wazima wamekaa wanasubiri shikamoo. Akatupeleka mbio: inama, rusha miguu nyuma, shuka, inuka, rudia. Ashtanga hiyo, anasema, ya Pattabhi Jois wa Mysore kule India, ndiyo yoga yenyewe, hizo nyingine ni usingizi. Tulipofika kwenye ule mkao wa makalio juu kichwa chini, masikio yakaanza kuvuma. Nikakaa. Nikamwambia kwa adabu, "Mwalimu, nina presha, hili la kichwa chini nimekatazwa." Hakusogea hata hatua. Akajibu kwa sauti ya ukumbi mzima:

"Bibi, kama huwezi kaa pale mlangoni utulindie viatu."

Viatu! Vijana wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akapoteza mizani akadondoka, na kusema kweli nilifurahi.

Nageuka, namwona mkamwana kalazwa chali na tumbo lile, anaambiwa apinde magoti ayazungushe mpaka yaguse sakafu. Mimba ikishakuwa kubwa mama halazwi chali muda mrefu. Mtoto anakandamiza mshipa unaorudisha damu moyoni na mama anaweza kupata kizunguzungu. Hulala ubavu, hasa wa kushoto, na mto katikati ya magoti. Nilimwinua mwenyewe. "Mwanangu, chukua khanga yako twende."

Baadaye nikasoma habari za hiyo Mysore, ndipo nilipochoka kabisa. Huko kwenyewe mwanafunzi huongezewa mkao mmoja mmoja kadiri anavyoweza, na mwalimu hupita kwa kila mtu. Tena B.K.S. Iyengar, aliyefundishwa Mysore hukohuko na Krishnamacharya, mwalimu yuleyule wa Jois, alianza akiwa kijana dhaifu aliyesumbuliwa na kifua kikuu. Huyo ndiye aliyeeneza kutumia viti, mikanda, vipande vya mbao na blanketi, ili asiyefika chini naye apate. Alifariki 2014 akiwa na miaka 95. Angelindishwa viatu?

Sasa ugumu wangu ni huu: palepale, Jumamosi asubuhi, anafundisha dada mmoja ambaye sina neno baya juu yake. "Mwangaluka, mayo," anakupokea mlangoni kwa Kinyamwezi, yaani umeamkaje, mama, kisha anauliza kila mtu: presha? sukari? macho? magoti? Alitukalisha kwenye viti vya plastiki. Mikono juu ya mapaja, unavuta pumzi kifua kinafunguka, unaitoa polepole mgongo unajikunja, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Basi! Kiuno changu kililia ko, halafu kikaachia. Watoto wetu aliwapa zamu yao fupi, wangurume kama simba, wachoke, watoke nje. Mwisho tukalala, miguu juu ya kiti, khanga imekunjwa chini ya kisogo, naye anataja viungo kimoja kimoja kuanzia dole gumba la mkono wa kulia. Sikumbuki kama alifika kidole cha mwisho. Naambiwa nilikoroma. (Na jirani anayeuliza kama ni ibada: hatukuimba chochote, tulipumua tu.)

Kwa hiyo niseme nendeni Jumamosi? Nilikuwa nataka kusema hivyo. Nikaenda ofisini kuomba malipo yetu yahamishiwe huko. Hapana, Jumamosi ni malipo mengine, na mjamzito si mgonjwa, arudi jioni. Yule kijana alikuwa pembeni na simu yake, akainua macho: "Aa, bibi wa viatu!"

Nikaondoka bila kuaga. Ofisi ile haipati tena senti yangu, hata kwa ajili ya dada yule. Yeye akianza kufundisha kwake, hata chini ya mwembe, nitakwenda na kiti changu kichwani.

Kadi zetu mbili za jioni bado zina siku. Kijana asiye na presha anayezitaka aje, nampa kwa nusu bei. Hapana, robo tatu. Nimeshapoteza vya kutosha.