Kliniki ya miguu inayosoma na majibu ya lehemu

Nina kisukari cha aina ya pili, na kliniki nyingi nilizozoea hupima sukari na presha, wakaniandikia dawa, basi. Hii ya miguu ndiyo ya kwanza kuniambia nivue viatu na soksi kabla ya maswali.

Muuguzi alitanua kidole kimoja kimoja, akamulika katikati kwa tochi, akapapasa sugu ya kisigino. Kisha akanifumbisha macho na kunigusa unyayoni kwa uzi mgumu wa plastiki, ule unaopinda nguvu ikifika gramu 10. Kila nikihisi niseme ndiyo. Chini ya kidole gumba cha kulia nilikaa kimya nikimsubiri aguse, kumbe alishagusa zamani. Hapo niliogopa kweli.

Kilichonifanya niisifu kliniki hii ni kilichofuata. Walipima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wakagawanya ya mguu kwa ya mkono. Ikipungua chini ya 0.9, mishipa ya miguu imeanza kuziba. Yangu ilikuwa 0.8. Daktari akafungua majibu yangu ya lehemu, yaani mafuta ya damu, akayaweka kando ya namba hiyo: trigliseridi (aina mojawapo ya mafuta hayo) juu, HDL (lehemu nzuri) chini, sura ambayo wenye kisukari cha aina hii tunayo sana. LDL yangu, yaani lehemu mbaya, haikuwa ya kutisha, lakini alinieleza kwamba kwetu sisi chembe zake mara nyingi huwa ndogo na nzito, hupenya kirahisi kwenye kuta za mishipa. Ganzi inakuficha kidonda. Mshipa ulioziba unakinyima damu ya kukiponya. Statini, dawa ya kushusha lehemu, ambayo nilikuwa naiona ni ya moyo tu, sasa naimeza nikijua inalinda na miguu pia.

Viatu nao hawakuvisahau. Waliingiza mkono ndani kutafuta mshono unaokwaruza, wakataka nafasi ya sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu. Vyangu vilikataliwa.

Kasoro zipo, tena moja ni kubwa. Aliyeishi na kisukari miaka mingi mishipa yake inaweza kukakamaa kwa chokaa, kipimo cha kifundo kikatoa namba nzuri ya uongo. Mtu wa namna hiyo anahitaji presha ya kidole cha mguu, na hapa hawana kifaa chake, wanakuelekeza kwingine. Ulizeni mapema. Halafu karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa herufi ndogo mno, wakati wengi wetu macho yameshaguswa na sukari. Nililazimika kusomewa kwamba mafuta ya kupaka yasiingie katikati ya vidole. Naomba waichape upya kwa herufi kubwa.

Ukiwa na ganzi, au shavu la mguu likikubana ukitembea na kuachia ukisimama, nenda, na ubebe majibu yako ya lehemu.