Supu naipa tano, yule weita simpi kitu

Nianze na ule uma, maana ndio ulioninyima usingizi.

Mama alikuja kunitembelea kutoka Mombasa, kiangazi fulani si zamani sana. Mimi nasoma Szeged, kusini mwa Hungaria, na tangu nifike nimekuwa nikimsimulia kwenye simu habari za halászlé, supu yao ya samaki, nyekundu mno hata ukiidondosha kwenye nguo basi nguo hiyo ni ya kulalia. Tulikaa Budapest siku mbili kabla ya kushuka Szeged. Uvumilivu ukanishinda. Nikamwingiza kwenye mkahawa mmoja karibu na mto Danube, vitambaa vya meza vya miraba, mashada ya pilipili kavu ukutani, mzee anapiga fidla. Jina silitaji. Ningejua tu nilipoona ubao wa nje: gulyás, supu yao ya nyama, ndani ya mkate uliochimbwa. Miaka yote Szeged sijamwona mwenyeji anakula gulyás ndani ya mkate.

Sasa, kwa wasiojua: mapishi ya asili ya huku huanza na kitunguu na zsír, yaani shahamu ya nguruwe. Agiza kuku, agiza ng'ombe, kitunguu chake kimekaangwa humo humo. Kwa hiyo Muislamu huku swali lake si nyama gani, ni mafuta gani. Mimi nilijifunza hilo mwaka wa kwanza kwa sahani moja ya pörkölt, mchuzi mzito wa nyama, ambayo sitaki hata kuikumbuka. Halászlé ya Szeged huwa na nafuu, kwa sababu vitunguu havikaangwi. Vinachemshwa na vichwa vya samaki na samaki wadogo wadogo, kisha vyote vinasuguliwa kwenye chujio mpaka mchuzi unakuwa mzito wenyewe, ndipo inaingia paprika, pilipili yao nyekundu ya unga, na vipande vya ponty, samaki wa maji baridi. (Watu wa mji wa Baja hawachuji, tena wanatia tambi. Usiseme mbele ya mtu wa Szeged kwamba ni kitu kimoja.) Lakini mikahawa ina mambo yake, nikauliza. Kwa Kihungaria, kwa adabu: zsírral vagy olajjal? Kwa shahamu au kwa mafuta ya mimea?

Weita akavuta pumzi. Ile pumzi ya mtu aliyeombwa abebe gunia. Akanijibu kwa Kiingereza: hakuna mafuta, ni samaki.

Haya. Supu ikaja, na hapa lazima niseme kweli japo inaniuma. Ilikuwa tamu sana. Mama kwa kawaida hamhesabu samaki asiyetoka baharini, kwake yeye hao wa mtoni ni tope lenye miiba. Huyu ponty alikuwa amechanjwa chanjwa kwa kisu karibu karibu, kama wanavyofanya wapishi wanaojua kazi, ile miiba midogo ikalainika yote. Pembeni kulikuwa na pilipili kali kwenye kisahani, weita akamwonya Mama kwa kidole. Mama akaitafuna nzima huku anamtazama. Kisha akaomba mkate afutie bakuli. Mama yangu! Kufuta bakuli mkahawani!

Ningelipa nikaondoka hapo, leo ningekuwa naandika kitu kingine. Lakini huku baada ya halászlé watu hufuatisha túrós csusza: tambi bapa, jibini laini iitwayo túró, malai chachu, na juu yake vipande vya szalonna, mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa yakakauka. Nikaagiza moja tuonje, bila szalonna. Nilisema mara tatu. Nilisema hata kwa mikono.

Ikaja na szalonna. Nikamwambia. Hakusema samahani. Akainama, akachukua uma wa Mama, uma wa Mama aliokuwa anautumia, akaanza kuvitoa vile vipande kimoja kimoja, akivipanga ukingoni mwa sahani, kama anayetoa nzi kwenye chai. Alipomaliza akaurudisha ule uma mkononi mwa Mama na kusema kwamba hapa si duka la kebabu. Tambi zenyewe zilikuwa zinang'aa kwa shahamu.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mama ndiye aliyenivuta mkono: "Kaa, mwanangu. Kijana kachoka."

Kachoka! Bili ikaletwa, na csusza tusiyoigusa imo, na juu yake szervizdíj, ada ya huduma, asilimia 15. Huduma gani, ya uma? Najua imeandikwa kwenye menyu, kwa herufi za mchwa. Nikataka kubishana, Mama akawahi. Alikuwa na noti ya forinti 20,000, bili ilikuwa elfu 16 na ushei, na alikuwa amejifunza neno moja tu la Kihungaria tangu ashuke kwenye ndege, analionea fahari. Akampa noti, akatabasamu, akasema: "Köszönöm."

Ahsante. Basi huku ukimwambia weita ahsante wakati unampa pesa, maana yake ni baki na chenji. Nilimfundisha neno, sikumfundisha hilo. Kwa mara ya kwanza usiku ule yule bwana alicheka, akatia elfu tatu na zaidi mfukoni, akamwinamia Mama kama malkia. Mama akamwinamia pia.

Nilikuwa nimeamua kuupa mkahawa huo nyota moja. Kisha nikaikumbuka ile supu, nikaweka tatu. Nilipofika sehemu ya bili nikashusha hadi mbili. Mpishi hakukosa lolote, pengine hata hakuambiwa kuhusu szalonna. Lakini uma ni uma.

Tulipofika Szeged nilimpeleka Mama mahali ninapokula mimi siku zote, kando ya mto Tisza, ambapo mama wa jikoni alitutolea chupa ya mafuta ya alizeti tuione kwa macho yetu. Mama akala, akashukuru, akasema nzuri. Nje, njiani, akanishika bega.

"Lakini ile ya yule kijana," akasema, "ilikuwa nzuri zaidi."