Bukta ya baiskeli: ile mpya yenye jeli nene na ile ya mtumba yenye sponji ngumu, ipi inaokoa makalio?

Wadau wa baiskeli, kwa wenye haraka naanza na jibu kabisa: bukta ya mtumba yenye sponji nyembamba ngumu imeiacha mbali sana ile mpya ya dukani yenye jeli nene. Zote nimezivaa njia ile ile, Mwenge kwenda Bagamoyo, karibu kilomita 60 kwenda tu hujarudi, siti ile ile, na lile joto la Dar ambalo Tegeta hujafika ushalowa mgongo mzima. Nawaandikia kwa sababu kila wiki namwona mtu mpya kwenye msafara anaendesha amesimama kama yuko mbioni, ukimuuliza vipi anasema makalio yamekufa, afu wiki inayofuata humwoni tena. Inaniuma aisee, manake mtu anaacha mchezo mzuri kwa kitu kinachotibika.

Ile mpya niliichukua Kariakoo kwa elfu 35. Jamaa wa duka akaikunja akanipa niminye, "kaka minya mwenyewe, hii jeli, hutosikia kitu", na kiukweli ukiiminya kwa dole gumba pale dukani unaona umepata mali. Mpaka Bunju iko poa kabisa. Ukishapita Mapinga ndo mambo yanaanza, unahisi mifupa imezama imegusa chini, jeli yenyewe imekimbilia pembeni na katikati, yani inakubana pale ambapo hutaki kabisa kubanwa, na hapo ganzi inaingia. Afu jeli haipitishi hewa, jasho linakaa pale pale, kitambaa kinakuwa chepechepe na ngozi iliyolowa inachubuka haraka kuliko kavu, hilo kila mtu aliyewahi kutembea juani na suruali mbichi analijua. Kingine ni mshono, wameshona mshono mnene unaopita ndani ya paja kabisa, na lastiki ya mguuni ni laini mno, kila ukikanyaga bukta inapanda, inajikunja, inakaa kama kamba. Kufika Kerege unaivuta chini kila baada ya dakika kadhaa.

Sasa kwa nini kitu laini kinaumiza? Ukikaa kwenye siti, uzito wako unatakiwa ubebwe na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ukikalia viganja vyako kwenye benchi la mbao utaisikia hiyo mifupa vizuri sana. Katikati ya hiyo mifupa kuna mishipa ya damu na ya fahamu, haitakiwi kubeba kitu. Sponji laini ni kama lile godoro la bei rahisi, jioni linakubeba, alfajiri uko kwenye chaga, na mifupa ikishazama uzito wote unahamia katikati kwenye nyama laini. Sponji ngumu haizami, inaiacha mifupa ifanye kazi yake. Ndo maana wenye viwanda vya padi, yani ile sponji inayoshonwa ndani ya bukta, wanapima uzito wa sponji kwa kilo kwa mita ya ujazo, na padi za safari ndefu zinakuwa na sehemu za kilo 80 hadi 120 pale mifupa inapokaa, halafu pembeni wanaweka nyepesi. Mashindano ya dunia ya Kigali Septemba 2025 mliyaona, wanaume wa daraja la juu walipiga zaidi ya kilomita 260 kwenye vilima vile, na hakuna aliyevaa mto wa sebuleni chini pale, ni padi nyembamba iliyokaa mwilini kama ngozi.

Ya mtumba nimeitoa soko la mitumba la Karume, elfu 18 baada ya kuvutana sana na dada mwenye meza, ni ile ya kamba za mabegani. Watu wengi wanaziona zile kamba wanacheka wanaziruka, jamani msiziruke, ndo utamu wenyewe uko pale. Haina lastiki ya kiunoni kwa hiyo tumbo halibanwi ukiinama, na kamba zinaishikilia padi isitembee. Padi ikitembea tu, hata iwe ya dhahabu, itakuchubua. Ndani ina lebo ya Elastic Interface, hao ni Waitaliano wanaotengeneza padi tupu na kuuzia kampuni nyingi za nguo, kwa hiyo ukikutana na hiyo lebo kwenye rundo usiiangalie jina la nje, shika kwanza. Kwenda na kurudi Bagamoyo nayo nilifika nimechoka miguu, lakini makalio mazima, na kesho yake asubuhi nilikaa kwenye kiti cha ofisi bila kutafuta upande. Ubaya wake mmoja, haja ndogo ni kazi, itabidi ujipange, na kwenye joto zile kamba zinaongeza jasho kidogo mgongoni.

Mtumba una hila zake lakini. Igeuze nje ndani palepale mezani. Minya padi kwa vidole viwili ikae sekunde kadhaa uachie, ikirudi yenyewe nunua, ikibaki na alama ya vidole hiyo ishakufa, rudisha. Halafu ivute kitambaa cha makalio ukielekeze juani, ukiona nyuzi nyeupe fupi fupi zinachomoza au unaona mkono wako upande wa pili, lastiki imeisha, na wenzako watakaokufuata nyuma hawatakushukuru. Pitisha kidole kwenye ukingo wa padi wote, kukiwa na uzi uliovimba au fundo, hapo hapo ndo patakapotoka kidonda. Saizi ichukue ya kubana ukiwa umesimama, ukiinama kama uko kwenye baiskeli ndo inakaa sawa. Ikikaa vizuri ukiwa umesimama wima, barabarani itacheza.

Na hili naomba mlichukue kwa uzito, hiyo bukta haivaliwi na chupi wala boksa ndani. Najua wengi mnaona aibu kuuliza na wengine mnaona ni uchafu, lakini padi imetengenezwa iguse ngozi, ndo inavyovuta jasho. Ukiweka boksa ya pamba umeleta mishono minne mipya pamoja na kitambaa kinachoshika maji, michubuko ikianza hapo vijidudu vinaingia na unapata majipu, ambayo yakishakaa pale kwenye siti huendeshi wiki nzima. Anayeona soni kukaa na taiti mbele za watu avae bukta pana juu yake, hakuna shida yoyote.

Dada zangu, msikubali kuuziwa ya kiume eti "zote sawa". Nyonga zenu kwa kawaida ni pana zaidi, kwa hiyo padi ya kike inakuwa pana nyuma na fupi mbele, tofauti unaiona kwa macho ukiziweka mbili pamoja. Rafiki yangu mmoja tunayeendesha naye anapenda ya kiunoni kuliko ya kamba kwa sababu ya choo cha njiani, na lastiki yake ya kiuno iwe pana, sio ule uzi mwembamba unaokata. Juu anavaa sketi fupi nyepesi na maisha yanaendelea.

Ila bukta peke yake haitibu siti mbovu, nasema ukweli. Chukua boksi la karatasi ngumu lile lenye mikunjo ndani, liweke kwenye ngazi ngumu, likalie ukiinama kidogo mbele na visigino umevinyanyua, ukisimama utaona vishimo viwili. Pima katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine, ongeza kama sentimita 2, hapo umepata upana wa siti wa kuanzia. Urefu wa siti kwenda juu nao, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuhama. Kama ukiendesha kiuno kinayumba kushoto kulia, siti iko juu mno na unajisaga mwenyewe bila kujua. Pua ya siti isitazame mbinguni, ilaze sawa, na kama unapata ganzi shusha kidogo sana, digrii moja au mbili tu. Na simama kwenye pedeli kila dakika kumi, kumi na tano, damu ipite.

Mafuta: ile krimu maalum ya kupaka kabla ya kuvaa bukta kwetu ni shida kuipata na bei yake inatisha. Zamani padi ilikuwa ngozi kweli, ngozi ya mbuzi wa milimani huko Ulaya, ikifuliwa inakauka kama ubao, krimu ilikuwa ya kuilainisha. Siku hizi ni ya kupunguza msuguano. Mafuta ya mgando yanafanya kazi, napaka mapajani kwa ndani na kwenye ukingo wa padi, kasoro yake yanang'ang'ania kwenye kitambaa na padi ikijaa mafuta haivuti jasho tena. Kwa hiyo paka kidogo, kwenye ngozi zaidi.

Ukifika nyumbani ivue hapo hapo, usikae nayo unapiga stori na unakunywa soda. Ifue siku hiyo hiyo kwa sabuni laini na maji ya kawaida, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, usiisokote padi, ikamue kwa kuibana kwenye taulo, uianike imegeuzwa ndani nje kwenye upepo. Ya mtumba, kabla ya kuivaa mara ya kwanza, mimi nailoweka kwenye maji yenye dawa ya kuua vijidudu, nafua mara mbili.

Kwa hiyo ile ya jeli elfu 35 naipa 2 kati ya 5, inafaa kwenda sokoni na kurudi. Ya mtumba naipa 4 na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni ya choo. Mwenye elfu 18 aende Karume asubuhi wakati marobota ndo yanafunguliwa, mchana wachuuzi wenyewe wanakuwa washachagua zile nzuri.