Tofali la kokopiti la agroveti: linafaa kutagishia kilifishi?

Linafaa, lakini si kama lilivyotoka dukani. Kilifishi ni samaki wadogo wa kufugwa tangini, na Nothobranchius ni wale wa madimbwi ya msimu: dimbwi likikauka wao hufa, mayai hubaki topeni yakingoja mvua. Nyumbani tope hilo lazima ulitengeneze, na piti ya Ulaya (mboji ya vinamasi) ni adimu Kisumu. Kilichopo ni kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, tofali la gramu 650 ambalo wakulima huoteshea miche. Lina faida moja kubwa kuliko piti: halifanyi maji kuwa na asidi kali, na samaki hawa hawapendi asidi.

Kabla ya kulipa, soma karatasi. Likiandikwa kwamba limetiwa mbolea au kalsiamu nitreti, lirudishe rafuni. Chumvi ni kasoro ndogo zaidi. Makumbi mengi hulowekwa maji ya bahari, ndiyo maana ipo, lakini hutoka kwa kuosha, na Nothobranchius huivumilia. Wafugaji wengine hata hutia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita 10 ili kuzuia ule ugonjwa wa unga wa dhahabu mwilini.

Kazi yote iko kwenye kuandaa. Loweka tofali kwa lita 4 au 5 za maji moto mpaka livimbe lote. Lipitishe kwenye chekecheke ya unga, nyuzi ndefu zibaki juu. Zikiingia tangini hunasa mayai na kukusumbua wakati wa kukamua. Kinachopita, chemsha dakika 30. Wengi huruka hatua hii kisha hulalamika kwamba vumbi linaelea siku tatu. Linaelea kwa sababu lina hewa ndani, na kuchemsha ndiko huitoa. Halafu osha na kumwaga, osha na kumwaga, hadi maji yafanane na chai ya rangi iliyopoa, si kahawa.

Kwa Nothobranchius guentheri, yule wa Unguja ambaye dume lake lina mkia mwekundu, weka dume 1 na majike 2 au 3 katika tangi la lita 20. Jaza vumbi sentimita 3 au 4 kwenye kopo la plastiki la lita 2, toboa mfuniko tundu la kupita samaki. Kopo lililo wazi hutapakaza vumbi tangi zima, na chujio la sifongo huziba.

Hapa ndipo udhaifu wa bidhaa hii unapoonekana: yai ni la milimita 1 hivi, nalo hupotea ndani ya vumbi la kahawia. Anayetaka kuhesabu mayai atumie mchanga laini wa mto, kisha auchekeche.

Baada ya wiki moja au mbili, mimina vumbi kwenye wavu, likamue kwa kiganja, ulitandaze juu ya gazeti. Unyevu unaotakiwa ni ule wa majani ya chai yaliyokamuliwa yakapigwa upepo saa kadhaa: ukifinya, tone lisitoke. Likiwa na maji mengi mayai huota ukungu mweupe. Likikauka kabisa hunywea. Tia kwenye mfuko, andika aina na tarehe, funga ukiacha hewa kidogo. Kwenye nyuzi 24 au 25 mayai huchukua miezi 3 hivi kukomaa, na kabati la kawaida Kisumu hutosha. Nakuru usiku ni baridi, muda hurefuka. Juu ya friji ni mahali pazuri.

Mayai huanguliwa vumbi likilowanishwa tena, lakini usilowanishe kwa kalenda peke yake. Tafuta yai ambalo macho ya kiinitete yana duara la dhahabu. Ukiwahi mno au ukichelewa, vifaranga hushindwa kujaza kibofu cha hewa na kutambaa chini kwa tumbo. Tumia maji ya nyuzi 18 hivi, kina cha sentimita 5. Artemia wachanga (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, chakula cha vifaranga) wawe tayari siku hiyohiyo. Vumbi hilo likaushe tena hadi unyevu uleule, ulilowanishe baada ya wiki chache, kwa kuwa mayai mengine hulala zaidi.

Lililotumika lichemshe kabla ya kulitupa. Mitaro ya Kisumu hushuka ziwani, na bonde la Ziwa Victoria lina Nothobranchius wake wenyewe. Wa Unguja hana kazi huko.