Kilo zimegoma baada ya kukatwa tumbo: mizani ya kupima mafuta ya mwili, mizani ya jikoni au futi ya fundi?

Mizani ya kioo yenye vibati vinne vya kukanyagia, inayoungana na simu kwa Bluetooth na kukuletea vipimo kumi na zaidi, ndiyo wengi huikimbilia kilo zinapogoma kushuka baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo. Inauzwa kwa maneno matamu: asilimia ya mafuta, misuli, maji, hata "umri wa mwili". Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: je, inamfaa mtu ambaye uzito wake umeganda? Tunaiweka pembeni ya vifaa viwili vya bei ndogo zaidi, mizani ya jikoni na futi ya fundi cherehani. Msimamo wetu tunautoa mapema: mwenye hela ya kifaa kimoja anunue mizani ya jikoni.

Lazima kwanza ujue unachotaka kukipima, maana uzito huganda kwa sababu tofauti. Mgando wa kwanza huja mapema, kati ya wiki ya pili na ya nne, na huwatisha watu kuliko mwingine wowote kwa sababu mtu anakunywa supu na maziwa tu na bado namba haisogei. Kabla ya upasuaji na siku za mwanzo baada yake, mwili hutumia akiba yake ya wanga, yaani glaikojeni, iliyoko kwenye ini na misuli. Kila gramu moja ya glaikojeni hukaa na maji gramu tatu hivi, kwa hiyo akiba ikiisha na maji nayo huondoka, na kilo zinaporomoka haraka. Baadaye mwili hurudisha sehemu ya akiba hiyo pamoja na maji yake. Mafuta yanaendelea kupungua, maji yanaongezeka, mizani inasimama pale pale. Huku ukiendelea na maji na protini, hali hii hupita yenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Hakuna cha kununua hapo.

Mgando wa pili huja miezi ya mbele, mara nyingi kuanzia mwezi wa sita. Sababu zake ni nyingine. Mwili wa kilo 95 hautumii nishati iliyokuwa ikitumiwa na mwili wa kilo 130, na kwa kawaida hutumia pungufu kidogo hata ukilinganisha na mtu wa kilo 95 ambaye hakuwahi kunenepa. Wakati huohuo tumbo limepona, nafasi ya chakula imeongezeka, na vyakula laini vimerudi mezani. Wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, kwa hiyo kuganda katika mwezi wa 15 kunaweza kuwa ndiyo mwisho wa safari, wala si kosa la mtu. Huyu wa miezi ya mbele ndiye anayehitaji vipimo.

Sasa mizani ya kioo. Kama mizani ya kupimia kilo, ni nzuri. Husoma kwa gramu 100, na mchoro wa simu unaonyesha mwelekeo wa miezi bila kuandika popote. Lakini kabla hujalipa, geuza usome maandishi ya chini: nyingi zina kikomo cha kilo 150 au 180. Mtu anayejiandaa kwa upasuaji akiwa na kilo 160 akinunua ile ya 150 ataona neno la hitilafu tu, na kuikanyaga mara kwa mara juu ya kikomo kunaharibu vihisi vya miguuni. Iweke kwenye vigae au sakafu ya saruji iliyonyooka. Juu ya zulia au mkeka miguu yake hubonyea na namba inabadilika kila ukipanda.

Kuihakiki ni rahisi. Chukua dumu la lita 20, lipime tupu, kisha lijaze maji hadi alama ya lita 20. Tofauti iwe kilo 20. Ikizidi au kupungua kwa gramu 200, vumilia, mradi iwe hivyohivyo kila mara, kwa kuwa unachokifuata ni mabadiliko.

Kuna kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi na inayowaumiza hasa watu walioganda. Baadhi ya mizani hizi zina kumbukumbu: ukipanda mara ya pili na tofauti ikiwa ndogo, inarudia namba ya mwanzo ili ionekane kwamba haiyumbi. Ijaribu dukani. Panda, shuka, subiri izime, kisha panda tena ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Ikikuletea namba ileile hadi ya nukta, hiyo mizani inakariri. Mtu anayepungua gramu 300 kwa wiki anaweza kuambiwa "hujasogea" wiki nzima na kifaa chenyewe. Kama tayari unayo, pima dumu la maji kwanza ndipo upande wewe, kumbukumbu inafutika.

Upande wa mafuta na misuli ndipo tunapoikatalia. Inachofanya ni kupitisha umeme hafifu sana usiousikia, kutoka unyayo mmoja hadi mwingine, na kupima ukinzani. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta hupitisha vibaya. Baada ya hapo programu inachukua urefu, umri na jinsia uliyoandika, inakokotoa kwa fomula, inakupa asilimia. Umeme huo unapita zaidi miguuni na nyonga, kwa hiyo tumboni, ambako ndiko unakotaka kujua, hapasomwi vizuri. Fomula nayo imetengenezwa kwa watu wa kawaida, si kwa mtu aliyepungua kilo 40 akabaki na ngozi inayoning'inia.

Baya zaidi ni maji. Waliokatwa tumbo mara nyingi hunywa pungufu, kwani lita moja na nusu mpaka mbili kwa mafundo madogomadogo ni kazi ya siku nzima. Ukikaukiwa, ukinzani unapanda na mizani inasema mafuta yameongezeka. Ukipanda na miguu iliyoloa kutoka bafuni, inasema yamepungua. Mwenye magaga mazito kwenye visigino husomewa mafuta mengi kuliko aliyonayo. Tumeona watu wakipunguza chakula kwa sababu ya asilimia mbili zilizoongezeka asubuhi moja, wakati walichohitaji ni glasi ya maji. Ukiamua kuisoma, iwe saa ileile, asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kunywa chochote, miguu mikavu, na utazame mwezi na mwezi. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asiipande kabisa, na mjamzito hali kadhalika.

Kwa kilo zenyewe, usiamini siku moja. Chumvi ya jana, choo kigumu, siku za hedhi zinazoweza kuleta kilo moja hadi mbili za maji, yote yanaingia kwenye namba. Jumlisha vipimo vya siku saba, gawa kwa saba, linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Mwanamke alinganishe wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Wastani usiposogea kwa wiki nne mfululizo, hapo ndipo sema umeganda.

Tuje kwenye mizani ya jikoni, ile bapa ya kilo 5 inayosoma kwa gramu moja. Hii ndiyo inayojibu swali. Chukua chai ya maziwa: kikombe cha mililita 300, nusu yake maziwa, vijiko viwili vya chai vya sukari. Kina kalori 125 hadi 130. Vikombe vitatu kwa siku vinakaribia 390, na kwa mtu anayekula kalori 1,000 hiyo ni zaidi ya theluthi moja iliyopita bila kutafunwa. Tumbo lililokatwa huzuia nyama na ugali. Chai, juisi, uji mwepesi, biskuti zilizochovywa na aiskrimu haviishii hapo, vinateleza. Konzi ya korosho gramu 30 ina kalori 165 hivi, na ni wachache wanaodonoa konzi moja tu. Bila mizani, mtu huapa kwamba hali kitu, na anasema kweli kadiri anavyoona kwa macho.

Siku ya kwanza anza na mafuta ya kupikia, ambayo ndiyo huponyoka zaidi. Usiyapime kwa kijiko, pima chupa: iweke juu ya mizani kabla ya kupika, rudisha sifuri, mimina sufuriani, irudishe. Namba itakayotokea na alama ya kutoa ndiyo gramu zilizotumika. Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 14, kalori kama 120. Kwa chungu cha familia, pima sufuria tupu mara moja na uandike uzito wake kwenye daftari. Tuseme nusu kilo ya maharage makavu na vijiko vinne vya mafuta vimetoa mchuzi wa gramu 1,600, sufuria ikiwa imetolewa. Kila gramu 100 utakazopakua zina gramu 3.5 za mafuta yaliyoongezwa na protini gramu 7 hivi. Ukipika kwa tui zito la nazi hesabu inapanda haraka, maana mililita 100 zake ni kalori 200 hivi.

Upande wa pili wa kazi yake ni protini, na hapa wengi hugundua kwamba wanakula kidogo mno kuliko walivyodhani. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mayai mawili ni gramu 12, mtindi gramu 150 ni 5, kuku asiye na mfupa gramu 80 baada ya kupikwa ni 24, samaki gramu 80 ni 18. Jumla 59. Dagaa wakavu gramu 20 wanaongeza 12 na kukuvusha. Pima nyama baada ya kupikwa na kutolewa mifupa; kipande cha kibua chenye mwiba na kichwa kinadanganya kwa nusu. Anayeganda kisha akapunguza chakula chote, pamoja na nyama, anapoteza misuli, na misuli ikipungua matumizi ya nishati yanashuka tena. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi, seti tatu, siku tatu kwa wiki, pamoja na protini hiyo, kunafanya kazi ambayo kutembea peke yake hakufanyi.

Kasoro za mizani ya jikoni zipo. Nyingi huzima zenyewe baada ya dakika chache, na ukiwa katikati ya kupakua unapoteza sifuri, kwa hiyo chagua inayokaa angalau dakika tatu. Kitufe cha vipimo kiko karibu na cha sifuri, ukikigusa unahamia kwenye aunsi bila kujua. Alama ya mililita inafaa kwa maji tu. Betri ikichoka namba hupepesuka kabla ya onyo kutokea. Ihakiki kwa nusu lita ya maji kwenye jagi: lazima iseme 500, au jirani sana.

Futi ya fundi ni bei ya soda na inastahili nafasi yake. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umesimama, pumzi imetoka, futi imegusa ngozi bila kubana. Ongeza nyonga na paja la kulia. Kila baada ya wiki mbili inatosha. Kwa mtu aliyepungua sana ngozi hukunjamana chini ya kitovu, kwa hiyo usipimie kwenye mkunjo. Kilo zikiwa zimesimama na kiuno kimepungua sentimita mbili, hujaganda, unabadilika umbo.

Kwa walioweka puto tumboni ili kupunguza uzito, huduma ambayo Watanzania wengi waliisikia pale Hospitali ya Taifa Muhimbili tawi la Mloganzila ilipoianza mwaka 2022, hesabu ni tofauti kidogo. Puto halikati tumbo, na sehemu kubwa ya kilo hupungua miezi mitatu ya mwanzo, kwa hiyo mizani ya jikoni inatakiwa mapema zaidi, tabia ziwe zimeshika kabla puto halijatolewa.

Kuna mambo ambayo kifaa chochote hakiyaoni. Kilo zikianza kupanda bila mabadiliko ya chakula, mpelekee daktari orodha ya dawa zako: insulini, dawa za jamii ya steroidi, baadhi ya dawa za msongo wa mawazo na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa mwenyewe. Tezi ya shingo nayo ipimwe. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo nenda hospitali siku hiyohiyo, maana upungufu wa vitamini B1 huharibu neva haraka. Na kama uliacha vidonge vya vitamini kwa sababu kilo zilikuwa zinashuka vizuri, virudie: kalsiamu na madini ya chuma vipishane kwa saa mbili au zaidi, kwa sababu vikinywewa pamoja kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa. Ukienda kliniki beba daftari la wiki nne lenye wastani wa kilo, protini ya kila siku, vinywaji vyote pamoja na chai, kiuno, na siku za hedhi. Mtaalamu wa lishe akiwa nalo mkononi anaweza kuonyesha kwa kidole mahali penyewe, badala ya kukuambia upunguze kula.